Sahani za Mwanamkuu

Haya yalimpata rafiki yetu Kitwana, fundi mwashi wa Kisarawe, enzi za Mwingereza. Alijenga chemchemi ya zege ya kurusha maji, mtindo mpya, akaipamba kwa sahani za marehemu Mwanamkuu alizozing'oa kwenye kaburi lake, zilikowekwa kulipamba kwa desturi ya pwani.

"Zirudishe," Mwamini, binti wa marehemu, alimwambia. "Mama hakusamehe mtu akiwa hai, sembuse sasa."

"Maiti hali wali," Kitwana akacheka.

Chemchemi haikutoa maji, watu wakaisahau. Siku moja baada ya magharibi Kitwana alipita hapo akienda kununua mafuta ya taa. Gizani akasikia sahani zikigongana, kama mtu anayepakua chakula. Akapapasa zege, akakuta mashimo matupu.

Akakimbilia nyumbani. Uani palikuwa na tuta jipya la udongo, urefu sawa na yeye, limezungushiwa sahani zile. Upande wa kichwani ilikuwepo sahani yake mwenyewe, bado ina makombo ya wali wake wa mchana.