Asali ya Rafu ya Juu

Kila nikitoka shule nilikuwa napitia kwa babu. Babu ni fundi viatu, ana kachumba kake kanakotazama barabara, kananukia gundi na ngozi mpaka nje. Kazi yangu ilikuwa kupanga viatu viwili viwili visipotezane, kuokota misumari sakafuni, na kubadilisha maji ya ndoo ya kulowekea ngozi. Hiyo ya tatu, nakiri, nilikuwa naifanya siku nikijisikia. Wateja waliniita Gundi kwa sababu sikuwa nabanduka hapo.

Juu kabisa ya rafu, nyuma ya makopo ya rangi ya viatu, babu alikuwa na chupa ya asali. Aliletewa na mrina asali, rafiki yake wa siku nyingi, naye akaitunza kwa ajili ya kifua chake msimu wa baridi ukifika. Mimi kifua changu kilikuwa kizima, shida ilikuwa ulimi. Leo kijiko, kesho kijiko, mara chupa imebaki nusu. Basi nikakoroga sukari na maji nijazie, lakini yakatoka meupe, hata mtoto mchanga angenikamata. Ndipo jicho langu likaangukia ile ndoo. Maji yake yalikuwa ya kahawia, rangi ya asali kabisa. Nikatumia hayo. Nikajiambia msimu wa baridi bado uko mbali, nitatafuta njia.

Wiki iliyofuata kisu cha kukatia ngozi kikamteleza babu, kikamchana kiganja cha kushoto. Akafunga kitambaa, akaendelea na kazi. Kesho yake akanisimulia kwamba alisikia redioni hospitali zinatibu vidonda kwa asali, na yeye asali anayo, sasa foleni ya zahanati akapange ya nini? Huyo, akanyoosha mkono mzima mpaka juu ya rafu.

Nilisimama pale nikimtazama akijipaka. Nilitaka kusema, lakini mdomo ukawa mzito. Nikajipa moyo kwamba ni sukari tu na vijimaji, vitamdhuru nini.

Siku ya tatu mkono ulikuwa umevimba kama mkate, kidonda kinatoa usaha na harufu. Babu alijaribu kushika kiatu ili akishone, kikamdondoka. Akajaribu tena, kikadondoka tena. Mteja akaja na soli yake iliyobanduka, babu akamwambia arudi siku nyingine. Yaani babu, ambaye sijawahi kumwona akimrudisha mtu! Bila mikono ile, babu angekuwa nani? Nikamwomba twende zahanati, na kwa mara ya kwanza hakunibishia.

Nesi alikuwa mama mmoja mpole, miwani yake inateleza puani kila akiinama. Akafungua kitambaa taratibu, akauliza kidonda kimepakwa nini. Babu akasema asali, tena safi. Nesi akashangaa kidogo. Akavuta droo, akatuonyesha tyubu ya asali, akasema hata wao wanatumia asali kwa vidonda vya aina hiyo, na wengi wanapona vizuri. Sasa hii ya babu imekuwaje?

Babu akakunja uso. Akasema basi yule mrina asali amemchezea, na akitoka hapo anakwenda kumwumbua mbele za watu.

"Hayo baadaye, mzee," nesi akasema. "Mimi nataka kujua kilichoingia humu ndani, ndiyo nijue nianzie wapi. Mkono huu nisingependa uharibike."

Niliangalia ule mkono. Kisha nikaangalia sakafu.

"Babu, siyo yeye. Ni mimi."

"Wewe umefanya nini?"

"Niliila. Halafu nikajazia sukari na maji ya ndoo."

"Ndoo ipi?"

"Ya ngozi."

Nesi akaniuliza maji yale yalikuwa na siku ngapi. Nikasema sikumbuki. Hakunigombeza, akaitikia tu kwa kichwa, akaanza kukiosha kidonda, akakiosha sana. Babu akachomwa sindano ya pepopunda, akapewa vidonge na kuambiwa avimalize vyote hata akijiona amepona.

Babu alikuwa ametazama ukuta muda wote. Mwishowe akasema, "Ndiyo maana. Nilikuwa nashangaa asali gani hii inanukia kiatu cha moka."

Nesi akacheka mpaka akavua miwani. Halafu, huku akipaka ya kwenye tyubu na kufunga bandeji, akatueleza. Asali ni nzito kwa sukari, inafyonza maji, bakteria wanakosa maji ya kuishi. Ukiichanganya na maji machafu umewaandalia chakula na kinywaji. Na hata ile nzuri ya nyumbani ni ya kula tu; ile ya kupaka kidonda inasafishwa kwanza kwa namna yake.

Tulirudi kila baada ya siku mbili. Ilianza kuondoka harufu, kisha uvimbe, kisha pembeni pakaanza kuota nyama mpya. Wiki ya nne babu alikishika kiatu, hakikudondoka.

Mrina asali alipoleta chupa nyingine, babu aliniachia mimi nimweleze ile ya kwanza ilikokwenda. Nikaeleza yote, hata kwamba babu alitaka kwenda kumwumbua. Jamaa alicheka, akatikisa kichwa, akaenda zake.

Babu hakuiweka chupa juu ya rafu. Aliiweka mezani, karibu na nyuzi, akaweka na kijiko pembeni.

"Mzee mwenzangu," akaniambia, "kula asali si neno, ungeomba ningekupa. Lakini ulikaa kimya siku tatu ukiniona najipaka. Kimya kile ndicho kilichotaka kuniharibia mkono. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, jambo likiwa bado dogo. Na mimi nina kosa langu: kidonda kilikuwa cha kupelekwa kwa nesi tangu siku ya kwanza, nikakiachia redio."

Akasukuma kijiko upande wangu. "Haya, chota. Kimoja."

Nikachota kimoja. Kisha nikabeba ndoo, nikaenda kubadilisha maji.