Kamera Namba Saba

Wakati huo, kila siku kengele ya kutoka shule ilipolia, wenzangu walienda nyumbani. Mimi nilienda sokoni, ghorofa ya pili, kwenye chumba chenye skrini kumi na mbili na feni yenye kelele nyingi kuliko upepo. Hapo ndipo mama yangu anapofanya kazi. Anaangalia kamera za soko, na mimi nilikaa kwenye kona nikifanya hesabu, nimezipa skrini mgongo. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya mama, na niliichukia kuliko hesabu zenyewe.

Mwezi ule mama hakuwa mtu wa kusemeshwa. Serikali ilikuwa imetoa mwongozo mpya kwa kila ofisi ya umma yenye kamera, na soko likalazimika kuweka programu mpya ya kutunza picha. Programu hiyo, jamani, ilikuwa na maswali kuliko mwalimu wa zamu! Kila mfanyakazi awe na neno lake la siri. Ukitaka kuona picha za siku zilizopita, andika sababu. Ukishaziona, jina lako na saa vinabaki humo, havifutiki. Picha zenyewe zinajifuta baada ya siku thelathini.

"Herufi kumi na mbili," mama alilalamika, "na namba, na alama, na kila mwezi libadilishwe! Mimi hata namba ya simu ya dada yangu siijui kwa kichwa."

"Si uandike mahali, mama."

"Hairuhusiwi kuandika."

Lakini aliandika. Nilimwona kwa macho yangu akibandika kikaratasi ndani ya kifuniko cha kopo la sukari. Alidhani hakuna atakayekiona huko. Alisahau kwamba anayemaliza ile sukari ni mimi.

Nyumbani na shuleni naitwa Kiherehere. Shangazi ndiye aliyenipa jina hilo, na hakunionea.

Jumanne, mpira wa darasa letu ulipotea. Niliyekabidhiwa kuutunza ni mimi, na Jumamosi tulikuwa na mechi dhidi ya darasa la saba. Nilitafuta kabatini, chini ya madawati, nyuma ya vyoo. Wapi! Kila niliyekutana naye aliniuliza, "Mpira uko wapi, Kiherehere?" kana kwamba nimeumeza. Nilichoka mpaka nikatamani kulia.

Kisha jirani yangu wa dawati akaninong'oneza kwamba Jumatatu jioni alimwona Mrefu akipita sokoni na kitu kimetuna chini ya sweta. Mrefu ni mwenzetu anayekaa nyuma kabisa, kwa sababu akikaa mbele hakuna mwingine anayeona ubao. Nikamfuata.

"Jumatatu ulibeba nini chini ya sweta?"

"Hayakuhusu."

Jibu gani hilo? Mtu asiye na kosa si angesema tu? Damu ilinichemka, na tangu dakika hiyo nikaamini kwamba mpira anao yeye.

Jumatano mama aliitwa kwenye mkutano. Ijumaa mkaguzi wa serikali alikuwa anakuja kuona kama soko linafuata mwongozo, na meneja alitaka kila mtu ajue la kujibu. Mama akafunga mashine. "Usiguse kitu," akasema.

"Sigusi, mama."

Nilisikiliza viatu vyake vikishuka ngazi mpaka vikanyamaza. Halafu nikafungua kopo la sukari.

Nilijua ninachofanya, sitasingizia utoto. Niliandika lile neno la siri, herufi kwa herufi. Programu ikaniuliza: Sababu ya kutazama? Nikaandika "Mpira". Ikakataa, eti sababu ni fupi mno. Yaani hata mashine inanisumbua! Nikaandika "Ukaguzi wa kawaida", maneno ambayo meneja huyatumia kila anapokosa la kusema. Ikafunguka.

Kamera namba saba inatazama lango la nyuma. Nikarudisha picha hadi Jumatatu, na mara nikamwona Mrefu. Alisimama, akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akasukumia kitu chini ya sweta na kuondoka haraka. Nikapiga meza kwa kiganja. Mwizi huyu hapa!

Alhamisi asubuhi sikusubiri mwalimu aingie. Nilisimama mbele ya darasa nikasema, "Mpira ameuchukua Mrefu. Nimemwona mwenyewe kwenye kamera ya soko. Alikuwa anaangalia huku na huku, akauficha chini ya sweta!"

Darasa zima likageuka. "Mwizi! Rudisha mpira!" Mrefu alisimama, na urefu wake wote ukawa haumsaidii kitu. Alijaribu kutoka, wakamzuia mlangoni. Hatimaye akasema kwa sauti ndogo sana:

"Zilikuwa nepi."

"Nini?"

"Nepi za wakubwa. Za babu yangu. Hawezi kuinuka kitandani."

 Mmoja akacheka, na wengine wakafuata, mpaka darasa zima likawa linapiga madawati: "Nepi! Nepi!" Mimi sikucheka. Nilitaka ardhi ipasuke, na wa kumezwa wa kwanza niwe mimi.

Katikati ya kelele zile akaingia mwalimu wa michezo, mpira kwapani. "Nani anatunza huu mpira? Ulikuwa unavuja upepo, niliuchukua Jumatatu jioni nikaupeleka kuzibwa."

Jumatatu! Siku zote hizo, na hakumwambia mtu! Lakini ningemlaumu vipi? Yeye hakumwita mtu mwizi.

Ijumaa nilipofika chumba cha kamera, mkaguzi alikuwa ameshaanza kazi. Alikuwa mwanamke mwenye miwani na mkoba mweusi, asiye na haraka wala tabasamu. Meneja alisimama nyuma yake akijipangusa jasho. Nikawaamkia, nikakaa kwenye kona yangu. Hata sijafungua daftari, tukasikia mtu akipanda ngazi huku akihema. Ni bibi yake Mrefu.

"Nani humu anayewaonyesha watoto picha za mjukuu wangu?" aliuliza kabla hajavuta pumzi. "Tangu jana mtoto hataki kwenda shule. Mume wangu ameumwa miezi minane, na hatukumwambia jirani hata mmoja. Leo watoto mtaani wanaimba nepi mbele ya dirisha lake, na yeye anasikia! Hiyo ndiyo kazi ya kamera zenu?"

Mkaguzi akampa kiti. Kisha akamgeukia mama. "Fungua orodha ya waliotazama."

Mama akafungua, bila wasiwasi. Mkaguzi akasoma kwa sauti: "Jumatano, saa kumi na dakika arobaini. Kamera namba saba. Jina ni lako. Sababu, ukaguzi wa kawaida."

"Haiwezekani," alisema meneja. "Saa hiyo alikuwa mkutanoni, tumekaa bega kwa bega."

"Basi alimpa mtu neno lake la siri. Na mwongozo hauna kona: anayetoa neno lake la siri anaondolewa kazini."

Mama akaliangalia kopo la sukari. Kisha akaniangalia mimi. Alikuwa ameelewa kila kitu, nikaona kabisa, na bado hakusema. Aliinamisha kichwa. Mama ndiye mama na ndiye baba nyumbani kwetu. Kazi ile ikiondoka, kodi na ada na chakula vinaondoka nayo. Na alikuwa tayari kuvipoteza vyote kuliko kunitaja.

 "Ni mimi," nikasema. "Mama hakunipa. Nililitoa kwenye kopo la sukari. Nikasema darasani nilichokiona. Ni mimi peke yangu."

Meneja akafunua kifuniko kwa pupa, sukari ikamwagika hadi kwenye viatu vyake. Kikaratasi kilikuwa palepale.

Mkaguzi akavua miwani, akaonekana amechoka kweli. "Kila ofisi ninayokwenda wananilalamikia: masharti mengi, programu inasumbua. Haya, programu imefaulu. Watu ndio waliofeli." Akanitazama. "Ungenyamaza, ningeandika jina la mama yako nikaondoka. Umesema kweli: hakukupa, aliliandika tu, kwa hiyo atapata barua ya onyo, na wiki moja ya kulikariri neno jipya kwa kichwa. Wewe, kuingia chumba hiki leo ndio mwisho."

"Na mjukuu wangu?" aliuliza bibi.

Nikapiga magoti mbele yake. "Nisamehe, bibi. Jumatatu nitasema mbele ya darasa zima kwamba nilimzulia."

"Sema," akajibu. "Na useme kwa sauti ileile uliyomwitia mwizi."

Nilisema Jumatatu, kwa sauti ileile. Mrefu, aliyeletwa shuleni na bibi yake, alinisikiliza mpaka mwisho, akajibu "Sawa", akaangalia dirishani. Nilikuwa nimetarajia zaidi, sijui kwa nini.

Siku hizi nasubiri mama chini, kwenye benchi la bawabu. Jioni moja tukiwa njiani kwenda nyumbani nilimuuliza kama picha ile ya Mrefu bado ipo.

"Imejifuta jana. Siku thelathini zimetimia."

"Afadhali," nikasema. "Lakini darasani bado wanamwita Nepi, mama. Nawakemea, hawasikii."

Mama akasimama, akahamishia mkoba bega la pili. "Hata mimi masharti yale yalinikera, nikayaficha kwenye sukari. Sote wawili tumekosa. Wahenga walisema macho hayana pazia. Anayepewa kazi ya kuona ya watu, pazia lake ni mdomo wake na sheria anayoifuata. Mashine inafuta siku ya thelathini, mwanangu. Watu hawafuti."

Kesho yake asubuhi niliondoka mapema, nikapitia kwa kina Mrefu. Nilibisha hodi, nikasubiri mlangoni, na alipotoka nikamwambia twende pamoja. Alifunga mlango nyuma yake. Tulitembea pamoja mpaka darasani, na wa kwanza aliyefungua mdomo kumwita Nepi alinikuta nimesimama mbele yake.