Tuta Mbele ya Mlango

Kila wingu jeusi lilipotanda juu ya Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, Gentille alishika jembe kabla hata mama yake hajaingiza cherehani ndani. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na kwa kuinua matuta hakuna mtoto wa mstari wao wa nyumba aliyemweza. Si ajabu, kabla vita havijawafukuza, kwao Fizi, Kongo, walilima mihogo. Alivuta udongo mbele ya mlango, akaushindilia kwa miguu, na maji ya mvua yakageukia kwa jirani.

Jirani huyo alikuwa Ciza, msichana wa Burundi aliyesoma naye darasa moja. Naye alikuwa na jembe.

"We Gentille! Mbona unanitumia mafuriko yako?"

"Mi sijatuma kitu. Maji yenyewe njo inajua njia!" alijibu kwa Kiswahili cha Kongo, ambacho "ndiyo" ni "njo".

Wakacheka. Ciza naye akainua tuta lake, maji yakaenda nyumba ya tatu, na huko pia jembe lilikuwepo. Ndivyo mstari mzima ulivyoishi. Kila mlango ulikuwa mkavu, na maji yote yakakutana mwisho wa mstari, kwenye njia ya kutokea barabarani. Pale yalichimba shimo ambalo bata walilipenda kuliko watu.

Mama yake Gentille, Annuarite, alishonea duka moja la Old Town, Lilongwe, sare za shule. Kazi hiyo ndiyo iliyowalisha. Ijumaa asubuhi alifunga furushi la sare kwenye kabaza, ile baiskeli ya kubebea abiria na mizigo, akamwambia mwendeshaji, "Nyandwi, baba, polepole."

Nyandwi alikwenda polepole kweli, lakini shimo halikujali. Gurudumu la mbele lilizama, baiskeli ikalala ubavu, na furushi likaogelea pamoja na bata.

"Yesu wangu! Sare za batoto ya watu!" mama alipiga kelele.

Gentille aliyatazama yale maji mekundu. Alijua yalikotoka, na aliona aibu hata akashindwa kumtazama mama yake.

Walifua, wakaanika, wakapiga pasi ya makaa, na kesho yake wakapanda basi kuzipeleka wenyewe. Mwenye duka alizipokea amenuna. "Nilikungoja jana, mama. Ijumaa ijayo ukichelewa tena, nampa kazi fundi mwingine."

Kabla ya kurudi walipita Kawale, mtaa mwingine wa Lilongwe, kumsalimia mama mdogo Sabine. Mvua ikashuka. Gentille akaona maji yakipita mbele ya vibanda katika mtaro wa mawe, kisha yakaingia bombani chini ya njia, bila kumsumbua mtu.

"Mama mdogo, huu mtaro ulilipwa na nani?"

"Na kila mtu, kwa sehemu yake," alisema Sabine. "Mabomba makubwa yaliletwa na manispaa, maana ile njo kazi yao. Benye maduka malori yao inavunja njia, basi wakaleta mawe na saruji. Sisi ba nyumbani tukachimba."

"Na asiye na kitu?"

"Ana mikono, hapana?"

Jumapili, baada ya ibada, watu wa mstari walikutana kwa mwenyekiti wao, mzee Adolphe, kuhusu lile shimo. Hapo ndipo kelele zilipoanza.

"Tungojee ofisi ya kambi," alisema Adolphe. "Njia ni yao."

"Shimo linachimbwa na maji ya nyumba zenu!" walisema wenye vibanda vya biashara kando ya njia.

"Linachimbwa na baiskeli za wateja wenu!" walijibu wenye nyumba.

Mtu akasema basi wachimbe wote kwa pamoja. Papa Étienne, mwashi wa zamani wa Uvira, akaruka kitini. "Kuchimba bure? Hiyo njo salongo! Kule kwetu tulichimba barabara kwa lazima, na chefu wa kijiji amekaa kivulini anakunywa soda. Mi nilikimbia vita, nikakimbia na salongo!"

Watu walicheka mpaka wakajifuta machozi, ila hakuna aliyeshika jembe. Gentille alihesabu moyoni: Ijumaa haikuwa mbali. Akasimama.

"Maji iliyoangusha sare za mama ilitoka kwetu. Mi njo niliituma."

Mama yake aligeuka kumtazama. Gentille akaeleza mambo ya Kawale, kisha akatoka, akachukua jembe na kulivunja tuta lake mbele ya macho ya watu wote.

"Na mimi langu!" Ciza akapiga mbio kwao.

"Sawa, batoto wamesema," alisema papa Étienne. "Lakini chefu je?"

Macho yote yakamwendea Adolphe. Mzee aliviangalia viatu vyake vya kanisani, akavivua kimoja kimoja, akakunja suruali.

"Chefu anaanza," alisema.

Ilikuwa vigelegele! Papa Étienne mwenyewe ndiye aliyemletea sururu.

Jumatatu Adolphe alikwenda ofisi ya kambi. Hakwenda kuomba, alikwenda kusema kwamba watu wake wamekwisha kuchimba, na sasa anadai mabomba. Mabomba yalikuja Jumatano. Wenye vibanda walisukuma mawe kwa mkokoteni, akina Nyandwi wakabeba mchanga, na papa Étienne akawapangia mawe huku akimfokea kila mtu kwa furaha.

Alhamisi mvua ilishuka kwa hasira. Maji yalishuka mtaroni mbele ya mlango wa Gentille, yakapita wa Ciza, yakaingia chini ya njia na kutokea kwenye bustani zao za mchicha. Bata walisimama pale wakishangaa shimo lao limekwenda wapi.

Ijumaa Nyandwi alivuka na furushi huku akipiga mluzi. Mama akamshika Gentille bega.

"Mwanangu, njia ni ya wote. Ofisi ina sehemu yake, na tuidai bila woga. Mwenye kunufaika zaidi atoe zaidi. Lakini mtu hawezi kudai ya ofisi huku anamwagia jirani maji. Ulianza na sehemu yako, na ukasema ukweli. Nimefurahi sana."

Kisha akacheka. "Na lile tuta lilikuwa zuri, haki ya Mungu! Nenda ukaliinue tena, ila bustanini, kwenye mchicha."

Gentille alichukua jembe, akamwita Ciza.