Pete Nyeusi za Redio ya Babu

Kila Jumamosi, akishafua sare zake za shule na kuzianika, Sisimizi aliingia chumba cha mbele, ambako babu yake alitengeneza redio. Jina hilo alipewa na babu mwenyewe, kwa sababu tangu ajue kutembea hakuwahi kutulia mahali. Waliishi wawili tu. Bibi alifariki mwaka uliopita, na mama alikuwa muuguzi katika zahanati ya mbali sana. Huko mnara wa simu ulikufa siku nyingi, na wakubwa kila walipoulizwa walijibu kwamba mafundi wako njiani.

Basi mama alitumia redio ya mawasiliano. Kila Jumamosi, saa kumi hadi saa kumi na nusu, alizungumza, nao wakasikiliza. Hawakuwa na mtambo wa kumjibu. Lakini sasa Jumamosi tatu zilikuwa zimepita bila kumsikia. Mvua ilikuwa imeitia kutu transfoma ya antena, kile kikopo kidogo kinachopokea sauti kutoka kwenye waya wa juu ya paa na kuipeleka redioni.

"Leo tunatengeneza mpya," Babu alisema, akamwaga mezani pete ishirini nyeusi alizozing'oa kwenye kompyuta mbovu. "Ziangalie. Kwa nje zote ni moja. Lakini baadhi ni feriti nzuri, aina ya kauri yenye chuma, inapitisha hata sauti hafifu. Nyingine zinaimeza sauti yote. Macho hayawezi kukwambia. Zungusha waya mara kumi, pima kwa mita hii ya umeme, andika namba kwenye kikaratasi, kibandike kwenye pete. Ukipata themanini au karibu yake, hiyo ndiyo yetu. Ukipata tano, haitufai."

Pete ya kwanza ilisoma themanini na moja. Ya pili, sabini na tisa. Waya ulikuwa mwembamba, ukimkata vidole, na kila pete ilitaka kuzungushwa na kufunguliwa upya. Alipomaliza ya tano, rafiki yake wa nyumba ya pili, yule waliyemwita Kelele, alichungulia dirishani.

"Wee! Pete zote hizo, unaoa mtaa mzima?"

"Niache bwana, nina kazi."

"Kamba ya kuruka iko tayari, tunakungoja wewe tu. Kwani hizo si zote sawasawa?"

Sisimizi akazitazama. Kweli zilikuwa sawasawa. Akaandika themanini, themanini na mbili, sabini na nane, mpaka ya ishirini, akatoka mbio.

Aliporudi, saa kumi ilikaribia. Babu alikuwa amekwisha kuchagua pete, amezungusha waya, amelehemu, na kupanda ngazi kwa magoti yake yale mabovu. Saa ikafika. Redio ikavuma kama maji yanayochemka, na ndani ya mvumo huo sauti kama ya mbu nyuma ya ukuta. Babu akazungusha vifundo vya redio. Akaweka sikio kwenye spika. Mwishowe akavua miwani.

"Redio ni nzima. Transfoma ni mpya. Basi ni masikio yangu, mjukuu wangu. Uzee huo. Wewe unamsikia vizuri, sivyo? Itabidi uwe unanisimulia."

Alitabasamu, akaipangusa miwani kwa ncha ya shati. Ilikuwa rahisi tu kusema ndiyo. Sisimizi alishindwa.

"Simsikii, Babu. Masikio yako mazima. Nilipima pete tano tu. Namba nyingine nilibuni."

Babu akaivaa tena miwani.

"Ule mnara wa kwa mama yako," akasema taratibu, "kuna mtu aliandika kwamba ameukagua na unafanya kazi. Hakuupanda. Siku bibi yako alipozidiwa, nilimpigia mama yako mpaka betri ikaisha. Hakupata hata kumuaga mama yake."

Sisimizi akaanza kulia. Babu akamvuta karibu.

"Sikiliza. Wale wa mnara, mpaka leo hakuna aliyesema ni mimi. Wewe umesema, tena bila kushikwa. Futa machozi, lete mita. Bado tuna dakika ishirini."

Zile tano zilikuwa zimekwisha kuchanganyika na nyingine, hivyo Sisimizi aliishusha transfoma kutoka paani, wakaanza upya. Babu alishika, Sisimizi akazungusha. Pete iliyokuwa kwenye transfoma ilisoma tano. Iliyofuata, sita. Ya tatu ikasoma themanini. Akaipima tena, themanini. Babu akaizungushia waya wa transfoma na kulehemu, Sisimizi akapanda ngazi, Babu akiishikilia kwa mikono miwili.

Zilibaki dakika nne sauti ilipoingia chumbani, wazi, kana kwamba mtu kaketi kitini.

"...sijui kama mnanisikia. Mimi mzima. Baba, usipande paa na magoti hayo. Na huyo Sisimizi wangu, mwambie namkumbuka."

Walisikiliza mpaka alipoaga. Ndipo Babu akabandua vile vikaratasi vyote na kumpa kalamu.

"Mjukuu wangu, ulichokipima, kiandike. Usichokipima, acha karatasi tupu. Anayekuja nyuma yako ataiona, ataanza pale ulipoachia. Namba ya uongo ndiyo inayomfanya mzee wa watu alaumu masikio yake."

Sisimizi akavuta kiti, akachukua waya, akaanza na pete ya kwanza.