Chungu cha Busumba

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, husema watu. Kitongojini Ilopa mambo yalikwenda kinyume: waliosikia la mkuu ndio waliovunjikiwa chungu.

Kila asubuhi kabla ya shule, Tusajigwe alimkandia bibi yake udongo. Ilopa ni kitongoji cha wafinyanzi, nyumba kumi na moja tu ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Kwa mila za pale, kila kitongoji kina daraja lake. Penye sherehe, watu wa Busumba, kitongoji cha ukoo wa chifu, hukaa vitini. Wengine hukaa mikekani. Ilopa hukaa chini, karibu na majivu. Chifu alishazikwa zamani. Viti vyake ndivyo vilivyokataa kufa.

Siku moja alikuja Mzee Nsajigwa, mkuu wa Busumba, tumbo likimtangulia.

“Catheline, kesho namsimika mrithi wangu. Chungu kikubwa kichomwe leo.”

“Baba, udongo bado mbichi,” alisema bibi. “Ngoja siku tatu.”

“Tangu lini Busumba ikaisubiri Ilopa?”

Bibi akachoma. Chungu kikatoka na ufa mwembamba kama unywele.

“Hiki ni cha kuwekea nafaka tu. Kisiguse moto,” bibi alimwonya Mzee alipokuja kukitazama jioni, na Tusajigwe alisikia.

Kesho yake Tusajigwe alikipeleka Busumba kichwani. Mzee akaamuru kipikiwe maharage. Kabla maji hayajachemka, paa! Maharage yakalala majivuni, na wageni wakabaki na sahani tupu.

Mzee alimwita Tusajigwe. “Piga magoti. Sema ulijikwaa njiani, uombe radhi. Ukikataa, Busumba haitanunua tena chungu chenu sokoni Lyulilo.”

“Piga magoti, mla udongo!” alicheka Oscar, mjukuu wa Mzee.

“Kwani ninyi nyumbani mnapikia kiti?” Tusajigwe alimjibu.

Bila Lyulilo, bibi angekula nini? Hata hivyo hakupiga magoti.

“Sikujikwaa, baba. Bibi alikuonya.”

“Ni kweli,” alidakia Mama Felista, mpishi wa Busumba. “Hata mimi nilikuonyesha ule ufa leo, ukanifukuza jikoni. Na vyungu vya Lyulilo tunanunua sisi wapishi, si viti vyenu!”

Wanawake wakapiga vigelegele. Bibi, aliyekuwa amekaa chini karibu na majivu, akaenda nyumbani kuleta chungu chake cha zamani, cheusi kwa masizi. Maharage mengine yakaiva humo, na waheshimiwa wa vitini wakala mpaka wakalamba vidole.

Mwalimu Deusdedit wa shule ya kina Tusajigwe, mgeni kutoka Tabora, aliwatazama wanafunzi wake waliokuwapo. “Mmeona? Cheo hakikaushi udongo, wala uongo hauzibi ufa. Anayeijua kazi asikilizwe, hata kama amekalishwa chini.”

“Sawa,” alinung’unika Mzee, mdomo umejaa maharage. “Lakini mtoto huyu ameniaibisha mbele za watu. Aombe radhi, japo kidogo.”

Tusajigwe alijitwisha chungu cha bibi yake.

“Ndaga, baba, asante kwa kula chakula cha chungu chetu,” alimshukuru kwa kilugha na Kiswahili. “Radhi siombi.”