Nguvu Ishirini na Moja

"Huyu msichana ni mwizi, na mimi ndio nilimleta hapa. Naombeni msamaha."

Sue ndio alisema hivyo. Sue, deskie wangu, tunakaa dawati moja tangu Form One. Sue mwenye tukinunua ndazi moja tunagawana.

Hata hakuniangalia akisema.

Wasomaji wangu, kama hujawahi kusalitiwa na mtu mwenye anajua hadi soksi yako gani iko na shimo, shukuru Mungu kwanza, halafu uendelee.

Wacha niwaambie tulifikaje hapo.

Hapa Nakuru, juu ya duka ya spea ya babake Gurpreet, kuna meza. Kila Jumamosi watu wanakaa hapo wanacheza mchezo wa hadithi. Si mchezo wa simu. Kila mtu anakuwa mhusika, shujaa ama mchawi. Weldon anasimulia, na dice zinaamua kama utapona ama joka litakumeza. Dice zinarushwa kwa sinia ya chapati ya mamake Gurpreet. Ikianguka nje ya sinia, haihesabiwi.

Mimi shule wananiita Silent. Mwalimu akiniuliza swali, sauti inaenda kabisa.

Lakini nilikuwa nimekaa pembeni ya hiyo meza Jumamosi kadhaa nikiwaangalia, na nikajua... hapa ningeongea. Nikiwa mtu mwingine, ningeongea.

Kiti kimoja kilikuwa kimebaki. Weldon akaniambia nikuje na mhusika tayari. Hiyo kazi ya kutengeneza mhusika sikuwa nimewahi kuiona, juu inafanywa mara moja tu, mwanzo wa mchezo.

Sue, mwenye anacheza hapo tayari, akanifundisha wakati wa break.

"Ni rahisi. Unarusha dice nne, unajumlisha, unaandika. Mara sita. Nguvu, wepesi, stamina, akili, busara, mvuto."

"Nazijumlisha zote nne?"

"Zote nne. Kwani huniamini?"

Nilimwamini.

Basi Jumamosi Weldon akachukua karatasi yangu, akasoma ya kwanza. Akaishia hapo.

"Nguvu... ishirini na moja?"

Gurpreet akamwaga chai. "Ishirini na moja? Huyo si shujaa, hiyo ni trekta ya mashamba ya Mau Narok."

Weldon hakucheka. "Mugure, unarusha nne, ile ndogo unatoa, unajumlisha tatu zimebaki. Dice tatu haziwezi kupita kumi na nane. Hata ukifunga na kuomba."

"Lakini Sue ndio..."

"Mimi?" Sue akanikata. "Nilikwambia utoe ndogo. Usinibebeshe mzigo yako."

Ndio hapo akaniita mwizi.

Na kwa hiyo meza, mwenye anaiba namba hukaa nje. Hiyo sheria nilikuwa naijua.

"Kiti apewe Quincy," Sue akasema, haraka kama mtu alikuwa amejitayarisha. "Ako tu hapo chini. Wacha nimpigie."

Quincy ni boyfriend wake. Hapo ndio nikaelewa kila kitu.

Nikabeba bag. Nikafika kwa ngazi. Harufu ya engine oil ikapanda kutoka chini, na nikajiona nikirudi nyumbani kunyamaza hadi nimalize shule.

Nikageuka.

"Nipe dice."

"Umesema nini?" Weldon akauliza. Si kwa ubaya, hakunisikia tu.

"Nimesema nipe dice. Narusha hapa, kila mtu akiona."

Akaniangalia sana. "Ukirusha hapa zinakaa vile zimeanguka. Ya kwanza ni nguvu, ya mwisho ni mvuto. Hakuna kuhamisha."

"Sawa."

Nikarusha. Nguvu, tisa. Nyingine zikawa za kawaida tu, akili ndio ikapanda kidogo. Ikabaki mvuto, ile ya kufanya watu wakusikize.

Mbili. Moja. Moja. Moja.

Unatoa moja. Inabaki nne.

Sue akacheka. "Mvuto nne. Hata dice zinakujua."

Hiyo iliniuma, sitawadanganya.

Weldon akasema polepole, "Hiyo ni mbaya sana. Hiyo moja nakuruhusu urudie."

"Hapana. Nimeirusha mwenyewe. Andika nne."

Wakati huo huo Quincy akaingia, earphone moja kwa sikio, akachungulia karatasi Weldon anaandika.

"Nne? Babe, si ulisema atakuja na ishirini na kitu? Vile ulimshow ajumlishe zote nne?"

Sue akamkazia macho.

"Nini? Si ilikuwa prank?"

Gurpreet akashika kichwa. Weldon akamgeukia Quincy. "Kwa hivyo umekuja kuchukua kiti?"

"Kiti gani? Mimi niko na mpira saa kumi, buda. Nilikuja kumsindikiza tu."

Yaani Sue aliniuza juu ya kiti chenye boyfriend wake hata hakutaka. Na Quincy akashuka ngazi akaenda mpira wake.

Weldon akaonyesha Sue mlango. "Toka."

"Mwache akae," nikasema.

Wote wakaniangalia.

"Mwache akae hapo hapo. Nataka aone."

Sue akakaa, macho kwa meza.

Mchezo ukaanza. Tukafika lango la mji, mlinzi amelifunga. Weldon akauliza nani ataongea naye, na kila mtu akamwangalia Sue, juu mhusika wake ako na mvuto kumi na saba.

"Mimi ndio nitaongea," nikasema.

"Mugure, kwa hiyo nne yako natoa tatu kila ukirusha."

"Toa."

Nikasimama. Nikamwambia huyo mlinzi sisi ni nani na tumetoka wapi, kwa sauti, bila kukatika. Gurpreet akaacha kutafuna.

Nikarusha ile dice kubwa ya pande ishirini. Kumi na mbili. Toa tatu, tisa.

"Ilihitaji kumi. Mlinzi anakucheka," Weldon akasema. "Lango halifunguki."

Nikaokota dice kwa sinia.

"Basi nabisha tena."

"Amechoka na wewe."

"Mwambie azoee."

Na wewe mwenye unasoma hii, kama kuna mtu alikufundisha hesabu mbaya ndio uche­kwe: rudi kwa meza, urushe yako mbele yao. Ikitoka nne, ni nne. Kaa nayo, na usiwaachie kiti.