Nani Atamwosha?

Ruwayda aliandika maswali matatu, akakuta manne.

Aliyahesabu upya, kidole kikigusa kioo cha kompyuta. Tarehe ya kufariki. Mahali alipofia. Je, familia inahitaji msaada wa maziko? Hayo yalikuwa yake. Chini ya hayo, kwa herufi zilezile, palikuwa na la nne: Nani atamwosha?

"Bwana Mundhir, umeigusa fomu yangu?"

"Mama Usayd, mimi hata simu yangu inanishinda, nitaliweza hilo dude lako?" alijibu mkuu wake kutoka meza ya pili, akikoroga chai. "Usingizi huo. Nenda kalale."

Ofisi yao pale Jabal Luweibdeh, Amman, ilikuwa ya jumuiya ndogo iliyowatafutia matibabu watoto wenye maradhi ya moyo. Zamani wazazi walikuja na mafaili kwapani. Sasa walijaza fomu mtandaoni, na kazi ya Ruwayda ilikuwa kuitilia masharti: mzazi akijibu hivi, maswali fulani yafunguke, akijibu vile, yabaki yamefichwa. Sehemu ya maziko ilifichwa kuliko zote. Ilimfungukia yule tu aliyechagua "amefariki" mbele ya jina la mwanawe.

Na sharti halikosi kujaribiwa. Fomu ilikataa namba za uraia za kubuni, na namba pekee ya mtoto aliyoijua kichwani ilikuwa ya Usayd, mwanawe wa pekee, mwenye miaka saba. Akaiandika. Akaandika na jina lake. Akachagua "amefariki", na maswali yakafunguka. Watu wa Amman ukiwatajia ajali tu, kabla hujamaliza husema shari na iwe mbali. Ruwayda naye angesema hivyo nyumbani, lakini hapa alikuwa kazini, na mtu akiwa kazini hudhani maneno ni maneno tu. Mdomo huumba, jamani, na vidole navyo vimejifunza.

Alilifuta lile swali la nne, akaondoka zake.

Kesho yake lilikuwa limerudi, tena lina jibu. Neno moja: Mimi. Alikuwa bado analikodolea macho shule ilipopiga simu kwamba Usayd hajisikii vizuri, aje amchukue.

Daktari alisema ni homa, akaandika dawa. Ruwayda alimlaza mtoto sebuleni, akaenda jikoni kumpashia supu ya dengu, na hapo ndipo aliposikia maji yakimiminwa. Yalimiminwa taratibu, kata baada ya kata, yakitua kwenye kitu laini. Siku hiyo haikuwa zamu ya mtaa wao kupata maji, na tangi la darini lilikuwa kavu tangu juzi.

Alirudi sebuleni mbio. Hapakuwa na maji wala mtu, ila harufu ya karafuu maiti ilikuwa imejaa chumba kizima.

"Mama," Usayd alinong'ona, "mwambie aache. Maji yake ya baridi."

"Nani, roho yangu?"

"Huyu. Anasema nilale tuli. Kashamaliza upande wa kulia, sasa anataka kunigeuza."

Ruwayda alimshika mkono wa kushoto, ulikuwa wa moto kwa homa. Akamshika wa kulia, na ule ulikuwa baridi na umelowa, vidole vimekunjamana kama vya mtu aliyekaa mtoni kutwa nzima, na baridi hiyo ilishuka ubavuni, ikapita nyonga, ikafika mpaka kwenye ukucha wa mguu wa kulia, na yeye, aliyewahi kusimama pembeni mamake akioshwa, alijua kwamba maiti huanzwa kulia kisha hugeuzwa kushoto, na kwamba baada ya kushoto halibaki ila kukafini.

Alimwita Hajja Fikriyya, bibi wa Jabal Nadhif aliyekuwa akiwaagua watoto waliopatwa na kijicho kwa risasi ya kuyeyushwa. Alikuja baada ya alasiri na sufuria yake. Akayeyusha risasi, akaimimina kwenye bakuli la maji juu ya kichwa cha mtoto, huku akisoma. Risasi ikachachatika, ikaganda. Bibi alipoitoa ilikuwa bapa, laini, haina hata tundu moja la jicho, ile alama ya kijicho.

"Huyu hakuletwa na hasidi," alisema kwa sauti ya chini. "Kaitwa. Nani kamtaja mtoto huyu maiti?"

Ruwayda alimweleza yote, akilia.

"Binti yangu, miye kompyuta siijui. Lakini aliyekaribishwa na mama mtu, mimi nitamfukuza kwa amri gani? Nenda kaung'oe huo mlango uliomfungulia. Na fanya haraka, keshafika bega la kushoto."

Ruwayda aliifungua kompyuta sakafuni, kando ya mwanawe. Aliifuta sehemu nzima ya maziko, ikarudi. Aliifuta mara ya pili, ya tatu; ikarudi. Alijaribu kulifuta lile sharti pekee, na lenyewe likafutika upesi, bila ubishi, kama lililokuwa likingojea. Maji yakanyamaza. Harufu ikapungua. Mkono wa Usayd ukapata joto, na baada ya kitambo akaketi, akaomba mkate na labneh, yale maziwa mazito ya mgando. Ruwayda alimkumbatia mpaka mtoto akalalamika kwamba anamuumiza.

Simu yake, ambayo namba yake iliandikwa chini ya fomu kwa wazazi wenye shida, ililia mkate haujaisha.

"Samahani, dada, ni mimi Mama Qusay, wa Zarqa," ilisema sauti ya woga. "Fomu yenu inaniuliza nani atamwosha Qusay. Mwanangu yu hai, dada. Na hapo penye jibu sijaandika kitu, pamejiandika penyewe. Na humu ndani nasikia maji."

Swali lisilo na sharti huonekana na kila mtu. Ndilo jambo la kwanza Ruwayda alilofundishwa katika kazi hii, na kwa kiwewe cha mwanawe lilikuwa limemtoka. Aling'oa mlango, kweli. Sasa nyumba ilikuwa wazi kwa watoto mia tatu na kumi na wawili.

Alikimbilia kulirudisha sharti. Lilikubali kurudi, lakini kwa namna moja tu: Fungua ikiwa jina la mtoto ni — na chini yake orodha ya majina yote, la Usayd likiwa juu kabisa. Alijaribu kuliacha tupu, fomu ikakataa. Aliandika jina lake mwenyewe, fomu ikamjibu kwamba umri umezidi. Simu mbili nyingine zikaanza kuingia kwa pamoja, na Usayd akamuuliza, mdomo umejaa mkate, nani anapiga.

Ruwayda alifumba macho, akaishusha orodha mbali, chini kabisa, akabonyeza jina moja bila kulisoma.

Simu zote zikakatika. Ikapita dakika, kisha Mama Qusay akapiga tena.

"Limetoka, dada. Maji yamenyamaza. Sijui umefanya nini, lakini Mungu akuhifadhie mwanao kama ulivyonihifadhia wangu."

"Amina," alisema Ruwayda, na simu ya mzazi mwingine, namba za mji wa Karak, ikaanza kuita.